Kukusanya vitabu vya chai: anza na vile vinavyofungiwa maandazi

Nilikuwa karani wa ghala la chai Shimanzi, hapa Mombasa, na mkusanyo wangu ulianzia kwenye pipa la taka. Kila baada ya mnada, katalogi za madalali zilitupwa, au zikaishia kwa mama wa maandazi. Siku moja nikaokoa moja. Ndani yake mlikuwa na majina ya viwanda, uzito, madaraja ya chai (BP1, PF1, PD, D1), na pembeni bei ambazo mtu alizinukuu kwa penseli chumba cha mnada kikiwa moto. Hakuna kitabu cha dukani kitakachokupa hayo.

Kwa hiyo usianze na vitabu vya picha za birika. Hivyo vitakungoja. Tafuta kwanza karatasi ambazo watu wanaona hazina maana: katalogi, ripoti za mwaka, miongozo ya wakulima iliyotoka kwa watafiti wa Kericho. Mnada sasa uko kwenye kompyuta, na karatasi za zamani hazizai nyingine.

Ukienda kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, usitaje chai. Utaletewa mapishi, na bei itapanda papo hapo. Ulizia vya kilimo, kisha inama upekue mwenyewe. Kitabu cha T. Eden kuhusu zao hili, kilichotolewa na Longmans mwaka 1958, nilikikuta kimebanwa kati ya mwongozo wa mbolea na wa kufuga nguruwe. Mwenye nacho wa kwanza alikuwa ameacha duara la kikombe kwenye jalada. Sijalifuta, wala wewe usifute.

Ukiona muhuri wa maktaba, tafuta na ule wa kuonyesha kitabu kimeondolewa rasmi. Usipouona, kiache. Huenda kuna msomaji anakisubiri.

Sasa vile vikubwa. *All About Tea* cha William Ukers kilitoka New York mwaka 1935 kikiwa na juzuu mbili nzito. Mimi nilinunua ya pili peke yake, muuzaji akiapa kuwa ya kwanza iko nyumbani kwake, ataileta kesho. Ni miaka sita sasa. Nunua zote pamoja au uende zako. *The Book of Tea* cha Okakura Kakuzo, cha 1906, ni kidogo na kimechapishwa upya mara nyingi mno. Kukisoma, nakala yoyote yatosha, lakini ukitozwa bei ya toleo la kwanza, fungua ukurasa wa mchapishaji kabla hujafungua pochi.

Adui wetu wa Pwani ni unyevu. Usivifunge vitabu kwenye nailoni kabatini, vitaota ukungu, na usivianike juani, karatasi itageuka manjano na kukatika. Viache wima, mbali kidogo na ukuta, hewa ipite. Pini zilizoshika kutu zitoe taratibu, ushone kwa uzi wa pamba.

Kitabu kikiingia na wadudu, hapo ndipo nailoni inafaa: kifunge kisipitishe hewa, kitie kwenye friza wiki mbili, kisha ukiache nje siku nzima kabla ya kukifungua. Juzuu ya Ukers ilikaa juu ya samaki wawili, changu. Mama watoto hakusema neno, ila jioni ile tulikula maharage.