Jinsi ya kutumia "invulnerable" bila kuichanganya na "invincible"

Haya maneno mawili watu wengi wanayachanganya, hata mimi zamani nilidhani ni kitu kimoja. Ujanja ni kuangalia mizizi ya Kilatini: "invulnerable" imetoka kwa "vulnus" yaani jeraha, kwa hiyo ni mtu au kitu kisichodhurika, ila "invincible" imetoka kwa "vincere", kushinda, maana yake asiyeshindika. Arsenal ya 2003/04 iliitwa Invincibles kwa sababu ilimaliza ligi mechi 38 bila kupoteza hata moja, lakini magoli waliruhusu, wakatoka sare 12, so hawakuwa "invulnerable" hata kidogo.

Ukitaka mfano wa nyumbani mchukue Fumo Liyongo, kwenye hadithi silaha haimuingii mwilini isipokuwa msumari wa shaba kitovuni, na huo ndo uliommaliza (tena kwa mkono wa mwanae, inauma). Kwa Kiingereza utasema: "Liyongo was invulnerable to every weapon except a copper nail." Umeona hiyo "to"? Usiweke "from", ni kosa la kawaida sana.

Halafu epuka "very invulnerable", maana kitu kinadhurika ama hakidhuriki. Weka "almost" au "seemingly", yaani karibu hadhuriki, au anaonekana hadhuriki. Kutamka: in-VAL-narabo, nguvu iwe kwenye VAL. Na ukiiondoa "in" unabaki na "vulnerable", ile ya kwenye ripoti za miradi, watu walio hatarini.