Iandae simu kabla ya safari ya likizo, ikufae hata mtandao ukikata

Kazi yangu ni kupanga na kuongoza safari za vikundi, na likizo ndiyo wakati watu wanaposafiri kwa wingi. Msimu mmoja, mama mmoja wa kikundi changu alifika mlangoni pa kupandia ndege akiwa na watoto wawili, tiketi zote ziko kwenye barua pepe. Ukumbi umejaa, kila mtu kashika simu, mtandao umeelemewa. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka weee, foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Alipanda, ila wa mwisho kabisa, macho yamemlenga machozi. Tangu siku ile nawaambia wasafiri wangu wote: utakachokihitaji njiani kiwe ndani ya simu, kisiwe mtandaoni.

Hatua ya 1: Shusha tiketi

Fanya hivi siku mbili kabla ya kuondoka. Fungua kila tiketi na kila uthibitisho wa malazi, hifadhi faili lake, kisha piga picha ya skrini. Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti. Hakikisha msimbo wa QR umeingia wote, haukukatwa pembeni, halafu picha zote ziweke kwenye albamu moja uliyoipa jina la safari.

Zipo tiketi ambazo msimbo wake hubadilika kila baada ya muda mfupi. Hizo picha haisaidii. Fungua programu yake kabla hujafika kwenye msongamano. Na unapoionyesha tiketi, futa kioo na uongeze mwanga wa skrini hadi mwisho. Mara nyingi mashine inapokataa kusoma, tiketi haina kosa lolote, ni skrini tu iliyofifia.

Hatua ya 2: Ramani, na jaribio lake

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie. Kwenye Google Maps gusa picha yako ya wasifu, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua eneo unalokwenda kisha upakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Usichukue mji peke yake; panua kisanduku kiguse na barabara ya kuingilia.

Wengi hudhani bila bando simu haijui ilipo. Inajua. Setilaiti za GPS huzunguka umbali wa takriban kilomita 20,000 juu yetu, na simu inapokea tu mawimbi yake, haitumi chochote na hailipii chochote. Bila mtandao inaweza kuchelewa kidogo kukuona mara ya kwanza, kwa hiyo simama mahali peupe, mbali na majengo marefu, uipe dakika chache.

Sasa jaribu ukiwa bado nyumbani. Washa hali ya ndegeni, zima Wi-Fi, tafuta nyumba ya wageni uliyolipia. Ikionekana na njia ikachoreka, umemaliza. Ila fahamu kwamba bila mtandao Google Maps hukupa njia ya gari tu: hakuna njia ya kutembea kwa miguu, hakuna ratiba za mabasi wala treni, na hakuna taarifa za foleni. Ratiba zipigie picha mapema.

Ukiwa hapo hapo kwenye Wi-Fi, kama unakwenda penye lugha usiyoijua, pakua lugha hiyo kwenye Google Translate.

Hatua ya 3: Laini

Ukivuka mpaka, zima rominga ya data (kutumia intaneti kupitia mtandao wa nchi nyingine) kabla simu haijashika mtandao wa nchi nyingine, la sivyo programu zinazojisasisha kimyakimya zitakula salio lako. Ukinunua laini ya huko, usiitupe ya nyumbani: benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo. Simu ya laini mbili, au yenye eSIM (laini iliyo ndani ya simu, isiyo na kadi ya kuchomeka), inakuondolea shida hii. WhatsApp itaendelea na namba yako ya zamani mradi usiibadilishe mwenyewe.

Piga *#06#, nakili namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, kwenye karatasi. Simu ikiibwa, polisi na kampuni ya simu wataiulizia.

Hatua ya 4: Chaji

Pawabenki husafiri kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni 100 Wh, kipimo cha nishati ya betri. Hesabu yake: zidisha mAh (ujazo ulioandikwa kwenye pawabenki) kwa volti 3.7, ugawe kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoa 74 Wh, inapita.

Njiani, penye mtandao hafifu simu hujikamua kutafuta mnara, na betri inaisha huku hujaigusa. Washa hali ya ndegeni kwenye vipande hivyo vya njia. Usiiache simu kwenye gari lililoegeshwa juani.

Hatua ya 5: Msipotezane

WhatsApp inakuruhusu kuwaonyesha wenzako ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Kwenye umati mimi huchagua saa 1, kwa kuwa saa 8 zinakausha betri. Lakini huduma hii inahitaji mtandao, kwa hiyo kila mnapofika mahali papya chagueni pa kukutania panapoonekana kwa mbali, na saa ya kukutana.

Kwa watoto wasio na simu, naandika namba mbili za wazazi kwenye karatasi ngumu, naizungushia selotepu isilowe, naiweka kwenye mfuko wenye zipu. Kisha namwomba mtoto aitoe mwenyewe na kunionyesha, nijue kwamba anakumbuka iko wapi.