Gari Linapotetemeka Wakati wa Baridi Kali: Namna ya Kutambua Chanzo

Dereva aliyejifunza kuendesha Mombasa, Mwanza au Bujumbura, kisha akahamia Minnesota, Maine au Winnipeg, amezoea mahali ambapo tairi huharibiwa na joto, miiba na mashimo. Baridi ya Januari, inayoweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, huleta matatizo ya namna nyingine, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni mtetemo unaosikika kwenye usukani au chini ya kiti. Mtetemo huo unaweza kuwa jambo dogo litakaloisha lenyewe baada ya dakika chache, lakini pia unaweza kuwa nati za gurudumu zinazolegea. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, chunguza kwa makini mtetemo unaanza lini, unaongezeka ukifanya nini, na unaisha lini.

Anza na upepo wa matairi, kwa sababu ndio rahisi kupima na ndio unaopuuzwa zaidi. Shinikizo la hewa ndani ya tairi hupungua kadiri hewa hiyo inavyopoa, na kwa makadirio ya kawaida tairi hupoteza psi 1 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka. Tairi lililojazwa psi 35 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 18, likilala nje usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi litasoma psi 28 na nusu hivi, ingawa halina pancha wala halijavuja. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Taa ya onyo la upepo, ambayo sheria ya Marekani inaitaka kwenye magari madogo yote yaliyotengenezwa tangu Septemba 2007, hailazimiki kuwaka mpaka upepo uwe umepungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha gari, yaani psi 26 hivi kwa gari la psi 35. Tairi lako la psi 28 litakuwa legevu, litakula pembeni na kurefusha umbali wa kusimama, na dashibodi itakaa kimya. Ichukulie taa hiyo kuwa ya dharura tu, na ununue kipimo cha mkononi.

Pima asubuhi, gari likiwa limesimama kwa saa 3 au zaidi, kisha jaza kwa kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, na haikuhusu unapojaza. Matairi yote manne yakishuka kwa kiasi kinacholingana, sababu ni baridi. Moja likishuka zaidi ya mengine, hilo linavuja. Mahali ambapo barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, uvujaji wa aina hii mara nyingi hutokea pale ukingo wa tairi unapogusana na rimu ya aluminiamu, kwa kuwa chumvi huila rimu na kuacha ukoko usioruhusu mpira ukae sawasawa. Fundi atalivua tairi, atasugua ukoko huo na kulirudisha.

Mtetemo unaokuja asubuhi mara tu unapoondoka, kisha ukafifia na kwisha baada ya kilomita chache, kwa kawaida si ubovu. Gari linaposimama usiku kucha kwenye baridi, sehemu ya tairi inayokaa chini hubanwa na uzito wa gari na kugandia katika umbo hilo bapa, na hurejea kuwa duara mpira unapopata joto la mwendo. Upepo ukiwa pungufu, hali hiyo huzidi. Usikubali kuuziwa wili balansi, yaani kusawazishwa uzito wa magurudumu, kwa sababu hii peke yake. Ila mtetemo usipoisha hata baada ya dakika 20 au 30 za barabara kuu, tafuta chanzo kingine.

Mtetemo ulioanza ghafla baada ya siku ya theluji nyingi, nao ukawa mkali kadiri mwendo unavyopanda, mara nyingi hutokana na theluji iliyoganda ndani ya rimu. Egesha mahali salama mbali na magari, washa tochi na uchungulie kupitia matundu ya rimu. Utaona bonge la kijivu, theluji iliyochanganyika na tope na chumvi, limejibana upande mmoja tu wa rimu, kwa kuwa gari liliposimama maji yaliteremka chini na kuganda hapohapo. Gurudumu husawazishwa kwa vipande vidogo vya chuma ambavyo uzito wake huhesabiwa kwa gramu, kwa hiyo bonge la barafu la ukubwa wa ngumi linatosha kuutikisa usukani mzima. Litoe kwa kipande cha mti au mpini wa plastiki, taratibu, ukijihadhari na bomba la breki na waya mwembamba unaopita karibu nalo. Maji yanayochemka usiyamwage, maana yatapoa na kuganda upya juu ya breki. Ikishindikana, lipeleke gari kwenye sehemu ya kuoshea iliyo ndani, yenye joto.

Kama rimu ni safi na mtetemo bado unatokea kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 110 kwa saa, sasa ndipo balansi inaposhukiwa. Ukisikika zaidi mikononi, kagua magurudumu ya mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti, kagua ya nyuma. Mashimo ya majira haya, yanayochimbwa na maji yanayoganda na kuyeyuka ndani ya lami, hupinda rimu na kukata nyuzi zilizo ndani ya tairi. Pitisha kiganja ubavuni mwa kila tairi, ndani na nje. Ukigusa uvimbe, hata mdogo kama kidole gumba, tairi hilo limekwisha na haliwezi kuzibwa. Weka la akiba.

Ukikanyaga breki na usukani ukatikisika, shuku diski za breki. Lakini kanyagio likidunda kwa kasi chini ya mguu kwenye barafu, huo ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukifanya kazi yake: endelea kukanyaga, usiachie. Na kama ulivuta handibreki usiku, sikiliza gurudumu la nyuma unapoondoka, kwani breki ikiganda, tairi huburutwa bila kuzunguka na kulika sehemu moja, na doa hilo halirudi tena kuwa duara.

Mtetemo unaokuja tu unapoongeza mafuta na kutulia unapoachia mara nyingi ni wa sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Angalia kama mpira unaokifunika umepasuka na kumwaga grisi. Gari likitetemeka likiwa limesimama, matairi hayahusiki: injini inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa, au mauntingi zake, yaani vishikizo vya mpira vinavyoibeba, zimechoka.

Hatari kubwa kuliko zote ni mtetemo unaoanza siku chache baada ya kubadilisha matairi ya msimu. Kutu iliyobaki kati ya rimu na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, huzuia rimu kukaa sawa, kisha hubomoka taratibu na kuziacha nati zikiwa zimelegea. Ukisikia mtikisiko pamoja na mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa gurudumu, usiseme utafika kwanza nyumbani. Simama, shika wili spana, na ujaribu nati moja baada ya nyingine. Ikiwa kuna iliyolegea, zikaze zote kwa kuvuka upande mmoja hadi mwingine, uende polepole hadi gereji iliyo karibu, na umtake fundi avue gurudumu, asugue habu kwa brashi ya waya na kukaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Ukikuta boliti imekatika au matundu ya rimu yamepanuka, usiliendeshe kabisa; ita gari la kulivuta.