Jinsi ya kufuatilia shamba na safari ya familia ya Marekani enzi za ukoloni (tunatumia akina Lincoln kama mfano)

Habari zenu wapendwa. Kazi yangu ni kusaka hati za ardhi za zamani huku Marekani, kwa ajili ya watu wanaotafuta ukoo wao, na swali ninaloulizwa kila wiki ni lilelile, unaanzia wapi? Naanzia kwenye shamba. Sensa ya kwanza ya taifa huku ni ya 1790, vyeti vya kuzaliwa enzi hizo hakuna, majina karani anaandika anavyosikia, lakini mtu akinunua ekari hata 50 lazima iandikwe mahali maana asipoandikisha atanyang'anywa. Ndo maana nasema fuata ardhi, jina litakuja lenyewe.

Mfano wetu ni ukoo wa rais Abraham Lincoln, kwasababu karatasi zao zipo na wamehama sana. Massachusetts, New Jersey, Pennsylvania, Virginia, Kentucky, Indiana, Illinois. Mzee Samuel Lincoln alifika kutoka Uingereza 1637, sisi tunawadakia Pennsylvania.

HATUA YA 1: Jua kaunti ilikuwa inaitwaje WAKATI ULE

Hapa ndo wengi wanapotea, na mimi nilishapoteza wiki 3 nzima kwa kosa hili. Hati haihami kaunti ikigawanywa, inabaki ilipoandikishwa mwanzo. Nyumba ya Mordecai Lincoln ya 1733 bado imesimama kaunti ya Berks, Pennsylvania, lakini Berks imezaliwa 1752, kwahiyo karatasi za miaka ile zitafute Philadelphia. Mwanae John alinunua shamba Linville Creek, Virginia, mwaka 1768, ekari 600, leo hapo ni Rockingham, ila Rockingham imekatwa kutoka Augusta mwaka 1778, kwahiyo unaenda Augusta. Na ni bahati kweli, kwasababu vitabu vingi vya Rockingham viliungua 1864 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lile gari la farasi lililokuwa linavihamisha likachomwa njiani.

Tengeneza jedwali dogo tu, mwaka upande mmoja, kaunti upande wa pili. Usiguse kitabu kabla hujalimaliza.

Na tarehe pia angalia. Mpaka 1752 makoloni ya Uingereza mwaka mpya ulianza Machi 25, sio Januari. Wosia wa Mordecai una tarehe ya Februari 1735/6, yaani kwa hesabu yao ni 1735 kwa hesabu yetu ni 1736. Nakili ilivyo na hiyo alama ya mkwaju (/), usiirekebishe.

HATUA YA 2: Pitia faharasa mbili, ya wauzaji NA ya wanunuzi

Tovuti ya ukoo ya FamilySearch ni bure, unafungua akaunti tu, vitabu vya hati vya kaunti nyingi vimepigwa picha humo. Kuna faharasa ya wanunuzi na ya wauzaji. Mtu wako kanunua mara 1 halafu hujaona akiuza popote? Basi ama alirithisha, ama aliuza baadae na jina limeandikwa vingine. Jaribu kila namna ya kulitamka, huyu Lincoln kwenye karatasi za Kentucky kaandikwa Linkhorn.

HATUA YA 3: Soma hati yenyewe, yote, pole pole

Hapa ningependa ukae sana. Kwenye vitabu vya Virginia vya wakati huo utakuta hati 2 zimefuatana, tarehe zimepishana siku 1. Ya kwanza inasema fulani amemkodisha fulani shamba kwa mwaka 1, kwa shilingi 5, na kodi yake ni punje moja ya pilipili manga ikidaiwa. Ya pili siku inayofuata ndo ina bei ya kweli. Watu wanasoma ya kwanza wanaandika kwenye ripoti "alikuwa mpangaji", hapana jamani, huo ni mtindo wa wanasheria wa kuuza ardhi, zile hati mbili ni mauzo yaleyale. Shilingi 5 na pilipili ni za kutimiza sheria tu.

Halafu tafuta mke. Sheria ilimpa mjane haki kwenye theluthi ya ardhi ya mumewe, kwahiyo mnunuzi mwenye akili anataka mke aulizwe faragha, mume asiwepo, kama kweli karidhia. Angalia hii inavyosaidia. Februari 1780 Abraham Lincoln, mtoto wa John na babu yake rais, aliuza ekari 250 za Linville Creek kwa pauni 5,000. Usishtuke na hiyo bei, pesa ya karatasi wakati wa vita vya uhuru ilishakwisha thamani. Ridhaa ya mke wake, karani kaandika Bersheba, imechukuliwa Septemba 1781. Maana yake ni kwamba Septemba 1781 mama huyu bado yuko Virginia! Ukimkuta mtu anasema familia yote ilihamia Kentucky 1780, mwonyeshe ukurasa huo. Mstari mmoja wa karani umekupa tarehe ya safari.

Na jambo moja naliomba kwa moyo wote. Vitabu hivihivi vya Virginia vina watu waliouzwa, jina moja, pengine umri, bei, wamewekwa katikati ya ng'ombe na vitanda. Usiruke huo ukurasa eti kwasababu sio ukoo wa mteja wako. Andika jina, kitabu, namba ya ukurasa. Kuna wajukuu zao leo wanatafuta jina hilohilo na hawana kwingine pa kulipata.

HATUA YA 4: Chora shamba

Hakuna bikoni za zege kule, mipaka ni miti na mawe. Kipimo ni poli, 1 ni futi 16 na nusu, na poli 160 za mraba ni ekari 1. Chukua karatasi, rula na protrakta tufanye zoezi (hili nimelitunga, sio hati halisi):

Anzia mwaloni mweupe kando ya kijito, kaskazini digrii 40 mashariki poli 120 mpaka mti wa hikori, kusini 50 mashariki poli 80 mpaka jiwe, kusini 40 magharibi poli 120, kisha kaskazini 50 magharibi poli 80 mpaka ulipoanzia.

"Kaskazini 40 mashariki" ni kwamba unatazama kaskazini halafu unageuka digrii 40 kuelekea mashariki. Weka sentimita 1 iwe poli 20, kwahiyo mistari yako ni sm 6 na sm 4. 120 mara 80 ni 9,600, gawa kwa 160, ekari 60. Mstari wa mwisho usipogusa mwaloni basi karani alikosea kunakili, mara nyingi kabadilisha mashariki na magharibi, jaribu kugeuza mstari mmoja mmoja mpaka ufunge.

HATUA YA 5: Majirani

Hati inataja shamba la jirani kwenye mpaka, na mashahidi wanasaini. Waandike wote. Watu walihama kwa makundi, wakishuka ile barabara ya mikokoteni kutoka Pennsylvania mpaka bonde la Shenandoah. Kule Berks akina Lincoln walikuwa karibu na akina Boone, wakaoana, na huyu Daniel Boone ndo aliyefungua njia ya Kentucky 1775. Mtu wako akipotea tafuta jirani alienda wapi.

HATUA YA 6: Waranti, upimaji, hati miliki

Ardhi mpya ina karatasi 3, waranti (kibali cha kudai ardhi), upimaji, na hati miliki, na zinaweza kupishana miaka mingi. Kentucky wakati huo ni sehemu ya Virginia, kwahiyo karatasi zake za mwanzo zilitolewa na Virginia, ila leo waranti na upimaji wake vitafute ofisi ya ardhi ya Kentucky, Frankfort. Abraham kauza Februari 1780, Machi mwaka huohuo kanunua waranti ya ekari 400 kwa pauni 160, ila ardhi yake ya Long Run, Kentucky, ikapimwa 1785. Mei 1786 akauawa shambani, kwenye mapigano na wenyeji ambao nchi ile ilikuwa yao kabla ya waranti yoyote.

Sasa kagua sheria ya urithi ya mwaka wa kifo. Virginia ilifuta sheria ya mtoto wa kwanza kuchukua ardhi yote, lakini ilianza kazi Januari 1, 1787. Miezi kama 7 tu! Mordecai, mtoto mkubwa wa Abraham (sio yule wa Pennsylvania), akapata ardhi yote, mdogo wake Thomas, baba yake rais, akaanza maisha bila shamba.

Mfuate Thomas. Mwaka 1803 kanunua ekari 238 Mill Creek, Kentucky, kwa pauni 118, akiuza baadae zimehesabiwa 200 kwasababu ya upimaji mbovu. Shamba la Sinking Spring, alipozaliwa rais, likaingia kwenye mgogoro wa hati, na Knob Creek akashtakiwa aondoke. Desemba 1816 akavuka mto Ohio kwenda Indiana, na mtoto wake mwenyewe, rais, aliandika kwamba sababu mojawapo ilikuwa utumwa ila kubwa zaidi ni shida ya hati za ardhi Kentucky.

Indiana serikali ilishapima kila kitu kwa miraba, huhitaji protrakta. Fungua tovuti ya GLO Records (kumbukumbu za General Land Office, ofisi ya ardhi) ya serikali, chagua Indiana, andika Lincoln na Thomas, itatoka hati ya 1827 ya ekari 80, kwenye robo ya kusini magharibi ya seksheni 32 (seksheni ni mraba wa maili 1 kila upande). Hakuna mwaloni wala kijito humo, ni namba tupu.