Somo: Kukagua boti ya mashine iliyotumika kabla hujatoa pesa

Ndugu zangu, rangi hupakwa kwa siku moja, kwa hiyo isikushike macho. Anza na injini, na mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika.

1. Fungua kofia ya injini, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ina joto, imeshawashwa. Injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi hufichwa hivyo. Omba urudi siku nyingine.

2. Oili ya gia. Hapa usiharakishwe. Chini ya mguu wa injini, ile sehemu ya chini yenye gia na propela, kuna skrubu. Ilegeze taratibu, kinga kwa kidole kinachotoka. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamo yanatangulia kutoka. Oili nyeupe kama maziwa maana yake sili, yaani pete za mpira za kuzuia maji, zimepitisha maji. Vua propela pia: mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, chuma kinachozungusha propela, hadi ukakata sili.

3. Toa plagi za kuwashia, pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Zikaribiane, tofauti ikipita asilimia 10 hivi, fundi aangalie kabla ya kuzungumza bei.

4. Iwashe ikiwa ndani ya maji. Kimrija cha nyuma kinachotoa maji ya kupoza injini kirushe maji mfululizo. Nchi kavu bila maji usiiwashe kabisa, impela, kipangaboi cha mpira kinachosukuma maji hayo, inaharibika upesi.

5. Tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti unaobeba injini. Mimi niliumia hapa: injini nzima, ubao wa tezi umeoza ndani ya faiba. Inua injini nusu, shika mguu wake, usukume juu na chini huku mwenzako akitazama tezi. Ikicheza, au nyufa za pembeni zikifunguka na kufunga, achana nayo. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi kila sehemu. Ubao mzima unalia kwa ukali. Uliooza unatoa sauti butu, na ukitoa skrubu moja unaona maji ya kahawia.

6. Namba ya injini ilingane na hati. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kimrija kinatiririka kidogo tu. Muuzaji anasema ni uchafu.
Jibu: Huenda ni kweli. Zibua kwa waya mwembamba mbele yake. Kikibaki dhaifu, shuku impela. Impela si gharama kubwa, ila tazama kama rangi imebabuka kwenye kichwa cha silinda: injini iliyochemka huacha alama hiyo.

Swali: Oili ya gia ni nyeupe, lakini anapunguza bei. Nichukue?
Jibu: Sili ni rahisi. Beringi na gia zilizokaa na maji ndizo ghali, na kwa nje hazionekani. Mguu ufunguliwe kwanza, kaka.

Swali: Boti iko mbali na maji, anawasha kwa hozi, mpira wa kuipa injini maji. Inatosha?
Jibu: Haitoshi. Kwa hozi propela haina mzigo. Ishushwe majini, uende nayo dakika 20, uiongeze hadi mwisho. Gia inayoruka au injini inayokosa nguvu utaijua huko huko.