Namna ya Kuupima Mkataba wa Kugawana Madaraka

Anayetaka kujua kama mkataba wa kugawana madaraka baina ya jamii utadumu asianze na orodha ya vyeo. Vyeo ndivyo vinavyotangazwa redioni na kujadiliwa barazani hadi usiku, lakini uzito wa mkataba umo katika vifungu vichache visivyovutia, na humo ndimo pa kuanzia.

Tazama kwanza mkataba unazitambua jamii kwa lipi: kabila, lugha, dini au chama. Burundi, kwa kufuata Mkataba wa Arusha wa 2000, iliyataja makabila waziwazi katika Katiba ya 2005: Wahutu wasizidi asilimia 60 ya mawaziri na Watutsi asilimia 40, na jeshini kabila lolote lisipite nusu. Lebanon hugawa viti 128 vya bunge nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu, ilhali sensa yake rasmi ya mwisho ni ya 1932. Kwetu Zanzibar, ambako lugha ni moja, marekebisho ya Katiba ya 2010 hayakutaja Unguja, Pemba wala asili ya mtu, yalitaja chama. Kila mtu anajua kura za Pemba zimeelemea upinzani kwa miaka mingi, kwa hiyo mgao wa vyama ulikuwa kwa vitendo mgao wa visiwa pia. Hata hivyo naona ilikuwa busara kutoliandika hilo, kwani mpaka ukishaingizwa katika katiba ni shida kuutoa, hata watu wenyewe wakishausahau.

Ukishalijua hilo, soma kifungu cha masharti, na hapa usiwe na haraka. Katiba ya Zanzibar inasema Makamu wa Kwanza wa Rais hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa Rais, mradi kimepata angalau asilimia 10 ya kura. Kisipofikisha, nafasi huenda kwa chama cha pili kwa wingi wa viti vya Baraza la Wawakilishi. Mawaziri nao hugawanywa kwa uwiano wa viti hivyo. Mpango huu, uliozaliwa na Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Karume wa chama tawala cha CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, ulikubaliwa kwa asilimia 66.4 katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza. Sasa jiulize: chama cha pili kikisusia uchaguzi, itakuwaje? Jibu tulilipata uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na CUF ikasusia ule wa marudio wa Machi 20, 2016. Hakuna chama kilichofikia sharti, na kiti kikabaki kitupu hadi Maalim Seif aliporudi Desemba 2020 kupitia chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo. Kifungu hakikuvunjwa, kilifuatwa, na bado mgao ukatoweka.

Kisha tafuta ni nani anayeweza kuzuia jambo. Ubelgiji, mbali ya kusawazisha idadi ya mawaziri wanaozungumza Kifaransa na Kiholanzi, inawaruhusu robo tatu ya wabunge wa kundi moja la lugha kuusimamisha mswada wanaouona una madhara kwa uhusiano wa jamii hizo, ukarudishwa kwa Baraza la Mawaziri. Maafikiano ya namna hiyo yana gharama: baada ya uchaguzi wa 2010 nchi hiyo ilikaa siku 541 bila serikali mpya. Makamu wetu wa Kwanza, kwa upande wake, ni mshauri mkuu wa Rais, na mshauri hana turufu ya kuzuia uamuzi.

Mwisho, teremka hadi shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar, inayoongozwa na sheha. Mkaazi wa Micheweni, Pemba, anayetafuta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi atahitaji kupita kwa sheha wake apate barua, na kitambulisho hicho ndicho kinachomfikisha kwenye daftari la wapigakura. Sheha huteuliwa, hapigiwi kura. Kwa hiyo uliza ni nani anayemteua, ni nani anayeweza kumwondoa, na aliyekataliwa barua anapeleka wapi malalamiko yake, kisha uangalie kama mkataba ulio mkononi mwako umegusa hata moja kati ya hayo.