Jinsi ya kulinganisha nzi wa matunda wa latitudo tofauti

Kamata Drosophila melanogaster karibu na ikweta, kamata wengine nchi za baridi, wapime papo hapo. Yaelekea wa baridi watawazidi wa ikweta kwa ukubwa. Usiandike hitimisho bado. Nzi aliyekulia kwenye nyuzi joto 18 huwa mkubwa kuliko ndugu yake aliyekulia kwenye 25, hata kama mama ni mmoja. Kwa hiyo kazi yetu ni kutenganisha alichorithi na kile alichopewa na hali ya hewa.

1. Chagua vituo. Viwili havitoshi, kwa sababu vituo viwili vyovyote vitatofautiana kwa jambo fulani. Tafuta vitano au zaidi vinavyofuatana kutoka kaskazini kwenda kusini, vyenye mwinuko unaokaribiana. Pwani za mashariki za Australia na Marekani zimechunguzwa sana kwa mpangilio huu.

2. Kamata na anzisha koo. Tunda lililoiva kupita kiasi pamoja na hamira kidogo ni mtego tosha. Kila jike aingie kwenye kichupa chake. Jike wa porini kwa kawaida ameshapandwa, hivyo atataga bila dume, na uzao wake ndio ukoo mmoja. Jitahidi upate koo 20 kwa kila kituo. Angalizo: majike wa D. simulans, spishi ya karibu inayofanana sana na melanogaster, hutaweza kuwatofautisha kwa macho. Subiri wanawe wa kiume, uwaweke chini ya hadubini na utazame kibamba kilicho kwenye viungo vya uzazi. Kwa melanogaster ni kidogo na chembamba. Kwa simulans ni kipana, cha mviringo. Ukoo wa simulans uondoe wote.

3. Walee pamoja. Vizazi viwili, nyuzi 25, mwanga saa 12, chakula cha aina moja. Jike aliyekulia kwenye baridi hutaga mayai makubwa, na kwa kizazi kimoja tu athari hiyo ya mama bado inaweza kukudanganya. Lakini usizidishe vizazi: koo zikikaa maabara muda mrefu huanza kubadilika kuyazoea maisha ya chupani.

4. Dhibiti msongamano. Hapa ndipo majaribio mengi huharibikia. Mabuu wakibanana hugombea chakula, huchelewa kukua na hutoka wadogo. Ukiwaacha majike watage watakavyo, kituo chenye majike hodari wa kutaga kitaonekana kina nzi wadogo, kumbe ni njaa tu ya utotoni. Watagishe kwa saa chache kwenye sahani ya agari (jeli ya maabara) iliyopakwa hamira. Yai lina urefu wa nusu milimita hivi, jeupe, na mbele lina vijipembe viwili vinavyochomoza juu ya agari. Ukimulika taa kwa ubavu utaviona vizuri. Mimi huhamisha mabuu walioanguliwa punde badala ya mayai, maana yai bovu huharibu hesabu: 50 kwa kila kichupa, kwa brashi laini. Kama unachopima ni uhai wa mayai yenyewe, hapo hamisha mayai.

5. Pima. Kwenye nyuzi 25, yai huwa nzi kamili baada ya siku 10 hivi. Tofauti ya muda wa kukua kati ya vituo mara nyingi ni ya saa kadhaa, kwa hiyo kagua vichupa mara kwa mara, usiku ukiwemo. Tena nzi wengi hupenda kutoka kwenye ganda alfajiri, jambo linaloficha tofauti ndogo. Kwa kipimo hiki peke yake, unaweza kuacha taa ziwake muda wote.

Kwa ukubwa, pima kifua na bawa, majike peke yao na madume peke yao. Bawa lipime kwa vipande, kutoka makutano ya mshipa hadi mshipa. Sababu ni D. subobscura, nzi wa Ulaya aliyeonekana Chile mwaka 1978 na Marekani Kaskazini mwaka 1982. Katika miongo miwili hivi, mabawa ya majike wa Marekani Kaskazini yalishaongezeka kadiri latitudo inavyopanda, kama Ulaya, lakini kipande kilichorefuka hakikuwa kile cha Ulaya. Angepima urefu wote tu, mtu asingeligundua hilo.

6. Usingizi wa uzazi. Majike waliotoka punde wakae kwenye nyuzi 11 hivi, mwanga saa 10, kwa wiki nne. Kisha pasua tumbo uangalie kama ovari zina mayai yenye kiini. Koo za Maine, kaskazini mwa Marekani, husitisha uzazi hivi kwa wingi kuliko za Florida, kusini.

7. Changanua. Nzi 50 wa kichupa kimoja si sampuli 50. Pata wastani wa ukoo, kisha wa kituo, uuoanishe na latitudo. Rudia yote kwenye nyuzi 18. Mteremko, yaani kipimo kubadilika kadiri latitudo inavyobadilika, ukijitokeza kwenye joto zote mbili, tofauti imerithiwa. Ukijitokeza kwenye moja tu, vituo vinatofautiana kwa namna nzi wao wanavyoitikia joto, na hayo ni matokeo mengine ya kuandikwa peke yake.